Nyumba ya Mfano Mmoja na Nyumba ya Kujijengea: Uhakiki wa Mawazo Mawili

Utangulizi

Katika madarasa ya itikadi mkoani Songwe, mada chache huwasha mjadala kama suala la makazi. Mkufunzi akiliandika tu ubaoni, wanafunzi hugawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza husema kwamba mji kama Tunduma hauwezi kuachwa ujengwe na kila mtu kwa ramani yake na fundi wake. Serikali na mashirika yake yajenge nyumba za mfano mmoja kwa mamia, zipangwe kwa safu, zitiwe maji na umeme, kisha wananchi wazinunue au wazipange. Kambi ya pili hujibu kwamba nyumba ya namna hiyo ni sanduku; kwamba mtu mzima hujijengea, huchagua mwenyewe mlango wake utazame wapi, na kwamba kumkabidhi mwananchi nyumba iliyokwisha kuamuliwa na wengine ni kumfanya mgeni katika kwake.

Kila kambi ina hoja yake. Hata hivyo tunaona ni wajibu wetu kusema wazi kwamba zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zinabishana juu ya sura ya nyumba, na kuuacha uhusiano wa watu uliomo ndani ya ujenzi wenyewe. Hazijauliza: Ardhi iko mikononi mwa nani? Fedha inalipwa kwa utaratibu wa nani? Na ujenzi ukikwama, hasara inamwangukia nani? Makala haya yatauliza maswali hayo matatu, kwa kutazama kwanza hali halisi ya Tunduma, halafu historia ya nchi yetu.

1. Jinsi nyumba inavyojengwa Tunduma

Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake ni Nakonde, Zambia. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita hapo pia. Kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mji ukiwa na watu wasiofika laki moja. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta na zaidi ya laki mbili. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi mji wa pili umeota juu ya ule wa kwanza. Na sehemu kubwa kabisa ya mji huo wa pili haikujengwa na shirika lolote. Wameijenga wananchi wenyewe, kwa mikono ya mafundi wa mitaani.

Tuifuate nyumba moja ya kawaida. Mwananchi anayetaka kujenga pembezoni mwa mji, tuseme Mpemba au Chapwa, huanza kwa kununua kipande cha shamba. Kipande hicho hupimwa kwa hatua za miguu, ishirini kwa ishirini, mbele ya mashahidi, na karatasi ya mauziano huandikwa. Mara nyingi mpima ardhi hajawahi kukanyaga hapo. Msimu huo fedha imekwisha. Msimu unaofuata hununua tofali za kuchoma. Unaofuata hujenga msingi. Kuta hupanda hadi usawa wa lenta, kisha husubiri. Hatimaye huja mbao na bati, na familia huhamia katika nyumba isiyo na lipu wala sakafu, dirisha moja limezibwa kwa tofali, kwa sababu kodi ya chumba cha kupanga haina subira. Dari na vioo huja baadaye, au haviji kabisa.

Wako wanaouita utaratibu huu ujinga. Sisi tunasema una akili yake, na akili hiyo inatokana na namna kipato kinavyopatikana. Mkulima wa kahawa wa Mbozi huona fedha baada ya mavuno ya kiangazi. Mkulima wa mahindi wa Momba huiona akishauza gunia. Mbeba mizigo, mama lishe na mbadilisha fedha wa mpakani hupata leo, kesho malori yakikwama hawapati. Hakuna kati yao mwenye mshahara wa tarehe thelathini. Kipato chao ni cha awamu, basi nyumba yao ni ya awamu. Tofali ndilo benki yao: fedha iliyokwisha kuwa tofali haiwezi kuliwa katika wiki ya njaa, haiwezi kuazimwa na shemeji, na bei ya vitu ikipanda tofali halipungui. Haba na haba hujaza kibaba. Huo ndio mfuko wa nyumba wa wananchi walio wengi.

2. Kosa la kambi ya pili

Kambi ya pili huitazama picha hiyo na kusema: tazameni, huu ndio uhuru wa mwananchi. Hapo tunatofautiana nayo.

Kwanza, usemi wa "nyumba ya kujijengea" unafunika tofauti za kitabaka. Katika mji uleule wa Tunduma mfanyabiashara mkubwa anajijengea, na mbeba mizigo anajijengea. Wa kwanza humwita msanifu na mkandarasi, akamaliza kwa mwaka mmoja. Wa pili huchukua miaka kumi, na miaka yote hiyo analipa kodi ya pango mahali pengine. Wote wawili wamechagua mlango utazame wapi. Je, tuseme wana uhuru sawa? Mmoja amenunua muda; mwingine ameulipia muda huo kwa maisha yake.

Pili, tazameni maboma yaliyosimama bila paa. Kila boma ni jasho lililolala: saruji, tofali na siku za kazi zilizokwisha kutumika, na hazimhifadhi mtu mvua ikinyesha. Mali hiyo ni ya watu wadogo, nayo imekaa bure kwa sababu hakuna chombo kinachoweza kuwakopesha kiasi kidogo cha kumalizia kwa masharti wanayoyaweza.

Tatu, fundi. Mshabiki wa nyumba ya kujijengea husifu ufundi, lakini humsahau fundi. Huyu mara nyingi hufanya kazi bila mkataba wa maandishi. Akianguka kutoka kwenye jukwaa, hana bima. Ukuta ukipasuka analaumiwa yeye, hata kama mwenye nyumba ndiye aliyepunguza mifuko ya saruji. Msaidizi wake anayechanganya udongo na kubeba maji yuko chini zaidi.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote: mahali ambapo kila mtu anajenga cha kwake, kile cha wote hakijengwi na mtu yeyote. Aliyeuza shamba kwa vipande hakuacha njia ya gari la wagonjwa. Hakuacha kiwanja cha shule, wala mfereji wa maji ya mvua. Kila mnunuzi alilipia hatua zake ishirini, na hakuna aliyelipia barabara. Siku bomba la maji litakapoletwa, litapita katikati ya jiko la mtu. Kisha itakuja alama nyekundu ya X ukutani, itakuja tathmini, itakuja kesi ya fidia. Anayelia siku hiyo ni yuleyule aliyejenga kwa miaka kumi.

Hapa inatupasa kulikosoa neno moja linalotumiwa sana katika ofisi zetu: makazi holela. Neno hilo linamlaumu aliyejenga na kumsamehe aliyechelewa kupima. Mashamba yaliyokuwa chini ya serikali za vijiji yamegeuka mitaa ya mji katika muda mfupi. Mwananchi alihitaji mahali pa kulala usiku ule. Mpango wa mji ulikuwa bado uko mezani. Aliyetangulia hakutangulia kwa ukaidi. Kada anayelitumia neno holela bila kufikiri anaigeuza kasoro ya utawala kuwa dhambi ya maskini.

3. Kosa la kambi ya kwanza

Kambi ya kwanza ikisikia hayo hufurahi na kusema: basi mmekubali, nyumba zijengwe na Serikali. Ngoja kwanza.

Nyumba za mfano mmoja si ngeni katika mkoa huu. TAZARA ilipojengwa, stesheni zilikuja pamoja na nyumba za wafanyakazi, zinazofanana na zilizopangwa. Zilifanya kazi yake kwa sababu reli ilibeba gharama yote, na mfanyakazi aliipata nyumba pamoja na kazi. Hakutakiwa kuweka malipo ya mkupuo. Upungufu wake ulikuwa upande wa pili wa sarafu hiyo: nyumba inayokuja na kazi huondoka na kazi. Katika yote hayo, kufanana kwa nyumba hakukuwa na uzito wowote, wala kwa wema wala kwa ubaya.

Mfano wa nje unathibitisha hoja hiyo. Nchini Marekani, mji wa Levittown katika jimbo la New York ulianza kujengwa mwaka 1947, ukafikia nyumba zaidi ya 17,000 zilizokaribia kufanana. Wasomi wengi waliucheka kwa kufanana huko. Lakini wakazi waliongeza vyumba, wakabadilisha paa na madirisha, na baada ya miaka kufanana kukapungua kwenyewe. Ubaya wake wa kweli ulikuwa kwamba Wamarekani Weusi walizuiwa kununua. Kasoro ya sura ilijiponya. Kasoro ya uhusiano wa watu ilihitaji mapambano.

Sasa tuitazame historia yetu wenyewe bila kujipendelea. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Katika miaka yake ya mwanzo lilibomoa vibanda vya maeneo kama Magomeni, Dar es Salaam, na kujenga nyumba mpya mahali pake. Kazi ilikuwa ya heshima, lakini hesabu haikwenda mbali: sehemu kubwa ya nyumba mpya ilichukua tu nafasi ya zile zilizobomolewa, na watu walizidi kumiminika mjini. Friedrich Engels alikwisha kueleza mwaka 1872, katika maandishi yake juu ya suala la nyumba, kwamba kubomoa mtaa wa maskini huuhamisha umaskini hadi mtaa mwingine. Mwaka 1972 Serikali iliacha ubomoaji na kuchagua kuboresha mitaa iliyokwisha kuwapo na kupima viwanja vipya.

Benki ya Nyumba ilianza mwaka 1973. Masharti yake yaliwafaa zaidi wenye mshahara na wenye hati ya kiwanja. Mkulima wa Mbozi hakuwa na kimojawapo. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995.

Zanzibar walikwenda mbali zaidi. Michenzani, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, majengo marefu ya ghorofa yalisimamishwa, na waliobomolewa nyumba zao za Ng'ambo wakapewa makazi humo bila malipo. Hapo swali la fedha lilijibiwa kwa ujasiri: umma ulipe. Lakini mpango ulikuwa mkubwa kuliko mfuko, na sehemu kubwa yake haikujengwa.

Na vijijini je? Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, sisi makada tulishika kamba na kupanga nyumba kwa mstari kandokando ya barabara. Tusifiche. Mahali pengi mstari ule ulipangwa ili uonekane na kiongozi aliye ndani ya gari. Haukumwuliza mkulima shamba lake liko umbali gani, wala ng'ombe wake watakunywa maji wapi. Mstari ulikuwa umenyooka. Maisha hayakunyooka kwa sababu yake.

Katika miaka ya karibuni kambi ya kwanza imepata silaha mpya, yaani miradi ya nyumba za gharama nafuu. Lakini gharama nafuu kwa nani? Shirika lililojenga nje ya mji lililazimika kujiletea lenyewe barabara, maji na umeme, na gharama hizo zikaingia katika bei. Juu yake ikaja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mnunuzi akielekezwa benki, alikuta riba ambayo mfanyakazi wa kawaida haiwezi. Ndiyo maana, baada ya sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 na miaka mingi ya juhudi, mikopo hiyo imehesabika kwa maelfu machache tu nchi nzima. Na mradi wa Dege, Kigamboni, uliopangwa kuwa na nyumba zaidi ya elfu saba, ulisimama mwaka 2016, ghorofa zake zikabaki magofu mbele ya bahari. Boma la mbeba mizigo wa Mpemba ni hasara ya mtu mmoja. Boma la Dege lilijengwa kwa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi.

Upo mfano mmoja unaostahili kusomwa kwa makini: Magomeni Kota. Wakazi wa kota zile za zamani waliondolewa, wakasubiri kwa miaka, na mwaka 2022 zikazinduliwa nyumba za ghorofa kwa kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale. Nyumba zile zinafanana. Lakini kabla tofali la kwanza halijawekwa lilikwisha kujibiwa swali la nani ataingia, na Hazina ikabeba mzigo. Hapo ndipo tofauti yake na miradi mingine, na hapo pia ndipo mpaka wake: Hazina haiwezi kufanya vivyo hivyo kwa kila mtaa wa nchi.

4. Njia iliyowahi kuanzwa

Tukijumlisha, tunaona kwamba nyumba ya mfano mmoja humdai mwananchi fedha yote kwa pamoja, naye hana. Nyumba ya kujijengea humwachia alipe anavyoweza, lakini humwacha peke yake bila barabara, bila maji na bila hati. Je, haiwezekani kuuchukua wema wa kila upande?

Iliwahi kujaribiwa. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilianza mpango wa viwanja na huduma katika Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa. Manzese na Mwanjelwa, ambayo kila mtu wa Songwe anaifahamu, ziliboreshwa. Msingi wa mpango ulikuwa rahisi. Umma ufanye kile ambacho mtu mmoja hawezi: upime, uchonge barabara, ulete maji, uache nafasi ya shule na soko. Mwananchi afanye kile anachokiweza vizuri kuliko ofisi yoyote: ajenge nyumba yake kwa awamu, kwa fundi wake, kwa kadiri ya mfuko wake. Viwanja vifanane, nyumba zitofautiane zipendavyo. Hapo ubishi wa kambi zetu mbili unakwisha wenyewe, kwa kuwa kila moja imepata sehemu yake halali.

Kwa nini basi njia hiyo haikuenea? Tujikosoe hapa pia. Viwanja vingi vya Sinza na Kijitonyama vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini viliishia kwa watumishi wakubwa na wenye fedha. Maskini aliyepewa kiwanja aliuza alipobanwa. Marejesho yalikuwa haba, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango ukanyauka. Fundisho lake ni kwamba kipimo cha ardhi pekee hakimlindi mnyonge. Kiwanja kilichopimwa kina bei kubwa kuliko shamba, na penye bei kubwa mwenye nguvu hufika mapema. Mpango wa leo wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha utakutana na hatari hiyohiyo usipolindwa na wakazi wenyewe.

Suala la vifaa nalo lisisahauliwe. Mwalimu Nyerere, akiupima utekelezaji wa Azimio la Arusha mwaka 1977, alikemea ulevi wetu wa saruji na bati wakati udongo wa kuchomea tofali na vigae uko miguuni petu. Songwe ilikwisha kulielewa somo la tofali. Lakini tanuru hula miti, na vilima havina miti ya kutosha matanuru yote. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, bila kuni. Mashine moja kwa mtaa mzima inawezekana. Mashine moja kwa kila mjenzi haiwezekani. Tunarudi palepale: kazi nyingine ni za mtu, na nyingine ni za wengi.

5. Kazi iliyo mbele ya kada

Nadharia isiyoonyesha kazi ni porojo. Kada aliye katika tawi la Tunduma, Vwawa au Mlowo anaweza kuanza na mambo manne.

(a) Ajue ardhi inayouzwa. Katika mtaa wake mashamba gani yanakatwa vipande mwaka huu? Alifikishe jambo hilo katika mkutano wa mtaa kabla ya kuuzwa, ili wauzaji na wanunuzi wakubaliane kuacha barabara na eneo la shule, hata kama mpima ardhi atachelewa. Njia iliyoachwa na majirani kwa hiari leo itawaokoa na fidia ya kesho.

(b) Ahimize ushirika wa nyumba. Wakulima wa kahawa wa Mbozi wamezoea kupima na kuuza kwa pamoja kupitia vyama vyao vya msingi. Waliozoea kuuza pamoja wanaweza kununua bati na saruji pamoja, na kukopeshana fedha ya lenta.

(c) Adai mkataba wa fundi. Karatasi moja yenye kazi, bei na kiasi cha saruji humlinda fundi, na humlinda mwenye nyumba vilevile.

(d) Alinde orodha. Viwanja vikipimwa, majina ya waliogawiwa yabandikwe ukutani mwa ofisi ya mtaa, yasomwe na kila mtu. Sinza ilipotea kwenye orodha kabla ya kupotea kwenye ardhi.

Hitimisho

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Miji yake bado ni michanga, na pembezoni mwa Tunduma bado yapo mashamba ambayo hayajakatwa. Makosa yaliyofanywa kwingine kwa miaka hamsini hapa bado yanaweza kuzuiwa, lakini si kwa muda mrefu. Kila kiangazi matanuru mapya yanawashwa na hatua ishirini nyingine zinahesabiwa.

Kwa hiyo kada anayepita Mpemba na kuuona ukuta umesimama usawa wa lenta, asianze kwa kuuliza ramani yake inafanana na ya nani. Amwulize mwenye ukuta alinunua kwa nani, njia iko wapi, na amebakiza kiasi gani afike kwenye bati. Majibu ya maswali hayo matatu ayapeleke kwenye kikao. Huko ndiko suala la nyumba linakoamuliwa.